Miamba ya Dedza Yamfaa Askari

Askari ni mtu wa safari. Leo yuko Songea, mwezi ujao yuko Kigoma, na mwaka wa pili huenda akatumwa nchi ya mbali kulinda amani ya watu ambao hakupata kuwajua. Lakini katika safari zote hizo aghalabu haoni ila bweni, lindo, kizuizi cha barabarani na ghala la silaha. Anaweza kukaa miaka mitatu chini ya mlima fulani, akaupanda kwa mazoezi asubuhi na jioni, kisha akahamishwa bila kujua mlima huo unaitwaje, nani alizikwa pale, wala kwa nini wazee wa kijiji huinamisha vichwa wapitapo. Wapo wanaosema kwamba mambo hayo si kazi yake. Sisi twasema kwamba ni kazi yake, na makala haya yanakusudia kueleza kwa nini.

Mfano tutakaoutumia ni wa jirani zetu wa Malawi. Huko upo mji wa bara uitwao Dedza, mji wenye miamba mikubwa na michoro ya watu wa zamani. Upo pia mji wa Lilongwe, ambao ndio makao makuu ya nchi. Tena ipo Dzaleka, makazi ya wakimbizi katika wilaya ya Dowa, ambako Kiswahili husikika sokoni kutwa nzima kana kwamba mtu yuko Uvira au Kigoma. Mahali hapo patatu hapatengani sana kwa mwendo wa gari. Kwa fikra, hata hivyo, watu wamepatenga mno, na kutengwa huko ndiko kulikotufanya tushike kalamu.

KUTOKA LILONGWE

Lilongwe ulifanywa mji mkuu mwaka 1975, badala ya Zomba. Mgeni wa kijeshi akifika hapo hakosi kuona mnara wa kumbukumbu ya askari wa Malawi waliokufa vitani. Nasi Watanzania hatuna budi kusimama mbele yake kwa adabu, maana historia yake ni historia yetu pia. Jeshi la Kiingereza lililoitwa King's African Rifles, ambalo wazee wetu walilifupisha wakaliita Keya, liliundwa mwaka 1902, na batalioni zake mbili za kwanza zilitokana na askari wa Nyasaland, yaani Malawi ya leo. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza, Septemba 1914 walipigana Karonga na jeshi la Wajerumani lililotoka upande wetu. Mwafrika alimlenga Mwafrika mwenzake kwa ugomvi wa wakubwa wa Ulaya, na nyuma yao maelfu ya wapagazi walibeba risasi na unga hata wakafa njiani kwa homa na njaa.

Kutoka Lilongwe barabara kuu huelekea kusini, na baada ya kilomita zipatazo 85 humfikisha msafiri Dedza. Mji huo uko juu sana, karibu mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, na mlima wake unapita mita 2,000. Mwezi wa Juni na Julai baridi yake ni kali, na asubuhi ukungu hufunika misonobari hata dereva akalazimika kuwasha taa. Kando ya barabara wakulima hupanga viazi vya mviringo katika vikapu na ndoo, wakiwangojea wasafiri. Kwa upande mmoja ni Malawi na kwa upande wa pili, hatua chache tu, ni Msumbiji. Mpaka huo haukuwekewa mto wala ukuta. Wakati wa vita vya Msumbiji katika miaka ya 1980, watu waliuvuka kwa miguu wakiwa na watoto mgongoni, na hadi mapatano ya amani yalipotiwa sahihi mjini Roma tarehe 4 Oktoba 1992, Malawi, nchi ndogo isiyo tajiri, ilikuwa imewapokea wakimbizi zaidi ya milioni moja. Dedza ni miongoni mwa wilaya zilizobeba mzigo huo. Jambo hili lafaa kukumbukwa, maana tutalirudia.

MICHORO YA CHONGONI

Hazina ya Dedza ni eneo la Chongoni. Ndani ya kilomita za mraba 126 mna mahali 127 penye michoro ya mwambani, na hakuna sehemu nyingine ya Afrika ya Kati iliyo na mkusanyiko mkubwa kama huo. Shirika la Umoja wa Mataifa la Elimu, Sayansi na Utamaduni, yaani UNESCO, liliandika Chongoni katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2006. Mwaka huo huo liliandika pia michoro yetu ya Kondoa, ile iliyoko Kolo na sehemu za jirani. Kwa hiyo Dedza na Kondoa ni ndugu wa daftari moja, ingawa ni askari wachache wa nchi hizi mbili wanaolijua jambo hilo.

Michoro ya Chongoni ni ya namna mbili. Ya kwanza ni myekundu. Ni duara, mistari na maumbo yaliyopangika, nayo ilichorwa na wawindaji wa kale, Watwa, ambao Wachewa huwaita Akafula. Wataalamu huihusisha na mvua na uzazi. Ya pili ni myeupe, imepakwa udongo kwa vidole, nayo ni ya Wachewa wakulima. Mingine ilichorwa na wanawake kwa mafunzo ya wari katika unyago, na mingine ni ya chama cha Nyau, ambacho ngoma yake huitwa Gule Wamkulu. Kazi ya uchoraji iliendelea hata karne ya 20. Kwa hiyo mtu anayesimama mbele ya mwamba wa Chongoni hasomi habari za watu waliokwisha. Jirani anayeuza viazi barabarani ni mjukuu wa waliochora, na mwanamke anayemfunda mwari leo bado anayajua maana ya baadhi ya mambo yaliyochorwa.

Twapenda askari azingatie sana michoro ya Nyau. Chama hicho kilikuwa na siri, na kwa sababu ya siri yake kilipata maadui wengi. Wangoni walipoingia kwa nguvu katika karne ya 19, kilijificha. Wamisionari walipokuja walikiita cha kishetani, na serikali ya kikoloni ikakitazama kwa jicho la shaka. Basi wenyewe walikwenda mapangoni, wakachora sura za vinyago vyao mahali ambapo mgeni hakufika. Mwaka 2005 UNESCO iliitangaza Gule Wamkulu ya Malawi, Msumbiji na Zambia kuwa miongoni mwa kazi bora za urithi wa binadamu. Lililofukuzwa na wenye mamlaka wa jana limekuwa fahari ya wenye mamlaka wa leo. Askari akiliona hilo kwa macho yake atajifunza kuwa na subira kidogo kabla hajaita jambo asilolielewa uhalifu.

UMENIONA WAPI?

Katika Malawi husimuliwa hadithi juu ya Akafula. Yasemwa walikuwa wafupi wa kimo, hodari wa upinde, na wepesi wa kukasirika. Mtu akikutana na mmoja wao porini aliulizwa swali, "Mwandionerapati?" yaani, umeniona ukiwa wapi? Mjinga alijibu kwamba amemwona pale pale, karibu, na jibu hilo lilikuwa na maana kwamba hakumwona hata alipomkaribia kwa sababu ya ufupi wake. Alipigwa mshale. Mwenye busara alijibu kwamba amemwona tangu mbali sana, tangu kilimani kule. Basi yule mfupi alifurahi, naye mpitaji aliachwa aende zake kwa amani.

Hadithi hii huchekesha watoto, lakini kwa polisi ni somo zima. Kila mtu duniani anapenda aonekane kuwa mtu tangu mbali. Muuza mitumba asiye na kibali, mama mwenye mtoto na karatasi iliyokunjwa mara nyingi, kijana asiyejua lugha ya mahali alipo, wote hao wanapokaribia kizuizi cha barabara wanauliza swali lile lile bila kufungua kinywa. Askari akiwajibu kwa macho kwamba hakuwaona, kwamba aliona karatasi tu au upungufu wa karatasi, amekwisha kujitengenezea adui ambaye hakuwapo. Akiwajibu kwamba amewaona, kazi yake inakuwa nyepesi, hata kama sheria inamlazimu kuwarudisha walikotoka.

WOTE WALITOKA MAHALI

Somo la pili la Dedza ni la uhamaji. Watwa walikuwapo kwanza. Kisha walikuja mababu wa Wachewa, ambao mapokeo yao yasema kwamba walitoka Uluba, katika Kongo ya leo, wakiongozwa na watawala wa ukoo wa Phiri wenye cheo cha Kalonga. Wachewa hao wana mahali patakatifu panapoitwa Kaphirintiwa, katika milima ya Dzalanyama mpakani mwa Malawi na Msumbiji. Mapokeo yasema kwamba hapo binadamu na wanyama walishuka kutoka mbinguni pamoja na mvua ya kwanza, na nyayo zao zikabaki juu ya mwamba uliokuwa bado laini. Baadaye wakaja Wangoni wa Maseko kutoka kusini. Hawa walipita hadi Songea yetu, wakakaa huko, wakashindwa na Wangoni wenzao, kisha wakarudi wakafanya makao yao kuzunguka mlima wa Domwe, katika nchi hiyo hiyo ya Dedza na mpaka wake. Nao Wayao wakatoka Msumbiji. Kila tabaka lilikuta watu, likapigana nao au likaoana nao, na mwishowe likawa wenyeji.

Anayetaka kuyaona hayo yote yakiwa yamepangwa vizuri na ateremke kutoka Dedza kwa barabara ya mizunguko hadi Mua, bondeni kuelekea ziwani. Pale pana kituo cha utamaduni cha Kungoni, kilichoasisiwa mwaka 1976 na Padre Claude Boucher, ambamo mila za Wachewa, Wangoni na Wayao zimewekwa mbele ya mtazamaji bila kumdharau hata mmoja.

Mtu aliyeyaona hayo akirudi kaskazini hadi Dzaleka, hawezi tena kuwatazama watu wa huko kama ajabu jipya. Mkongo wa leo aliyetoka Kivu ametoka upande ule ule ambao Wachewa husema walitoka mababu zao. Tofauti ni kwamba wa zamani hakuulizwa kibali, na huyu wa leo anaulizwa.

DZALEKA, GOFU LA AINA NYINGINE

Dzaleka iko kilomita zipatazo 45 kaskazini ya Lilongwe. Katika Kichewa jina hilo lina maana ya "nitaacha", yaani sitarudia tena, na si jina la bure. Wakati wa utawala wa Rais Kamuzu Banda mahali hapo palikuwa gereza, na waliofungwa humo walikuwa pamoja na watu ambao kosa lao lilikuwa siasa. Kura ya maoni ya Juni 1993 ilikomesha mfumo wa chama kimoja, na uchaguzi wa Mei 1994 ukamwondoa Banda madarakani. Mwaka huo huo wa 1994, vita na mauaji yalipowasukuma watu kutoka nchi za Maziwa Makuu, Dzaleka ikafanywa kambi ya wakimbizi. Twapenda kuliita gofu, kwa sababu gofu ni nyumba ambayo shughuli yake ya kwanza imekufa, na wapitao hujiuliza kilichofanyika ndani yake. Askari anayekwenda Dedza kuona mawe ya miaka mingi asiipite Dzaleka akidhani haina historia. Historia yake ni ya juzi, na baadhi ya walioilinda na walioteswa humo wangali hai.

Kambi hiyo ilikusudiwa watu kati ya 10,000 na 12,000. Ilipofika mwaka 2023 ilikuwa na watu zaidi ya 50,000, wengi wao Wakongo, kisha Warundi na Wanyarwanda, pamoja na wengine kutoka Ethiopia na Somalia. Mtoto aliyezaliwa humo mwaka ule wa kwanza sasa ni mtu mzima aliyepita miaka 30, na huenda naye ana watoto. Amekaa Malawi maisha yake yote. Kwa sheria bado yeye ni mgeni.

Sheria hiyo haikutungwa na polisi. Malawi ilijiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951 mnamo mwaka 1987, ikaweka masharti juu ya vifungu kadhaa, pamoja na vile vinavyohusu kazi na uhuru wa kwenda huku na huku. Ndiyo maana mkimbizi atakiwa kukaa kambini isipokuwa kwa ruhusa. Kwa miaka mingi wengi walikaa nje wakifanya biashara Lilongwe na vijijini. Mwaka 2023 Serikali iliwaagiza warudi Dzaleka, na kuanzia Mei ya mwaka huo vyombo vya dola vilianza kuwakusanya. Wakimbizi wengine, wakiwamo watoto, walipitishwa kwanza katika Gereza la Maula mjini Lilongwe kabla ya kupelekwa kambini.

Hatuandiki haya kuwahukumu jirani. Nasi hapa nyumbani tunazo kambi, kama Nyarugusu ya Kigoma iliyofunguliwa mwaka 1996, na askari wetu hutekeleza sheria za namna hiyo hiyo. Vilevile tunayo sifa ambayo hatupaswi kuisahau, kwamba mwaka 2014 Tanzania iliwapa uraia Warundi zaidi ya 160,000 waliokuwa wamekimbilia kwetu tangu mwaka 1972. Tunaandika kwa sababu kati ya sheria na mtu husimama askari. Sheria husema mkimbizi arudishwe kambini. Haisemi atukanwe mbele ya watoto wake, bidhaa zake zigawanywe, au mtoto mchanga alazwe gerezani. Nafasi iliyoko kati ya amri na utekelezaji ni ndogo, lakini ndani yake ndimo heshima ya jeshi lolote hujengwa au hubomolewa.

HOJA YA USALAMA

Hapana shaka wapo wakubwa watakaosema kwamba kambi kama Dzaleka ni hatari, kwamba humo hupita wahalifu na wasafirishaji wa watu. Hoja hiyo ina ukweli, na si vema kuificha. Mwaka 2022 Polisi ya Malawi, ikisaidiwa na ofisi ya Umoja wa Mataifa inayoshughulikia dawa za kulevya na uhalifu, iliufichua mtandao wa biashara ya binadamu ndani ya Dzaleka, na watu zaidi ya 90 waliokolewa. Hiyo ni kazi ya kupongezwa.

Lakini tujiulize, uhalifu wa namna hiyo huvunjwaje? Haupatikani kwa kirungu. Hupatikana pale ambapo msichana aliyefichwa anapoamini kwamba akimwendea mtu mwenye sare atasikilizwa, au jirani anapothubutu kusema alichokiona usiku. Habari za siri hutolewa na wanaoamini. Kwa hiyo askari anayejua lugha ya watu, walikotoka na wanayoyaheshimu ana silaha ambayo haimo ghalani. Ziara ya historia si anasa kwake, maana ni sehemu ya upelelezi ulio halali na ulinzi ulio bora.

ASKARI CHITETE

Kama kuna askari anayedhani kwamba maneno haya ni ya watu wa kalamu tu, na akumbuke yaliyotokea karibu na Beni, mashariki ya Kongo, Novemba 2018. Tangu mwaka 2013 Tanzania, Malawi na Afrika Kusini zilikuwa zimepeleka vikosi katika brigedi maalumu ya Umoja wa Mataifa, na mwaka huo huo wa 2013 brigedi hiyo ililisaidia jeshi la Kongo kuwashinda waasi wa M23. Novemba 2018, katika mapambano na kundi la ADF, askari wa Tanzania, Koplo Ali Khamis Omary, alijeruhiwa vibaya na kubaki mahali pa wazi. Askari wa Malawi aitwaye Chancy Chitete alimwendea, akamvuta hadi mahali pa salama ili apate huduma. Koplo Omary alipona. Chitete alipigwa risasi akafa. Mwaka 2019 Umoja wa Mataifa ulimtunuku baada ya kifo chake medali ya Kapteni Mbaye Diagne, ambayo hutolewa kwa ushujaa usio wa kawaida.

Tulipime jambo hili. Mmalawi alikufa kwa ajili ya Mtanzania, na wote wawili walikuwa wamekwenda kuwalinda Wakongo. Wakongo wale wale waliokimbia mauaji ya mashariki ya nchi yao ndio wanaokaa Dzaleka. Polisi anayemsimamisha Mkongo katika kizuizi kati ya Dowa na Lilongwe anamsimamisha jamaa wa watu ambao Chitete aliwafia. Iwapo damu ya askari ilimwagika ili mtu huyo aishi, basi angalau askari mwenziwe amsemeshe kwa adabu. Tena vita havijakwisha. Januari 2025 M23 waliuteka mji wa Goma, na watu wakakimbia upya. Wengine huenda wakafika Dzaleka, kama walivyofika wenzao.

MAPENDEKEZO

Kwa hiyo tunatoa mapendekezo manne, ambayo hayahitaji fedha nyingi.

La kwanza, vyuo vya jeshi na polisi, kwetu na kwa jirani zetu, viweke ziara ya mahali pa historia katika mafunzo ya kila kuruta. Kwetu mahali hapakosekani. Wapo askari wengi walioishi katika kambi ya Lugalo jijini Dar es Salaam wasiojua kwamba jina hilo limetokana na Lugalo ya Iringa, ambako Wahehe walilishinda jeshi la Wajerumani tarehe 17 Agosti 1891 na kumwua kamanda wake, Zelewski. Wapelekwe wakapaone. Wapelekwe Kalenga, ngome ya Mkwawa iliyovunjwa mwaka 1894, wapelekwe Isimila penye zana za mawe, na Kolo penye michoro. Kwa Malawi, kuruta wa Lilongwe aweza kwenda Chongoni na kurudi kwa siku moja.

La pili, askari wawe walinzi wa mahali hapo, wala wasiwe waharibifu. Miamba yenye mapango huvutia kwa mazoezi, kwa kujikinga na mvua na kwa kuota moto. Moshi wa moto mmoja hufunika rangi iliyodumu karne nyingi, na risasi ya kujaribu shabaha huchimba shimo lisilozibika. Mahali pengi duniani michoro imeharibiwa na watu walioandika majina yao juu yake. Askari asiwe mmoja wao. Ajue pia kwamba kuharibu urithi ni kosa kubwa katika sheria za vita. Kuna mkataba wa The Hague wa mwaka 1954 juu ya jambo hilo, na mwaka 2016 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilimhukumu Ahmad Al Mahdi kifungo cha miaka 9 kwa kubomoa makaburi ya watakatifu mjini Timbuktu.

La tatu, na hili ndilo twalitilia mkazo, ziara ya Dedza isiwe ya wenye sare peke yao. Watoto wa shule za Dzaleka wasoma historia ya nchi ya Malawi vitabuni. Ruhusa ya siku moja, orodha ya majina, walimu wao na askari wawili wa kuwasindikiza vyatosha kuwafikisha Chongoni na kuwarudisha jioni. Sheria haivunjwi, kwa kuwa ruhusa ndiyo sheria. Askari waliopewa kazi ya kusindikiza watasikiliza maelezo yale yale pamoja na watoto, watakula chakula kile kile chini ya mti mmoja, na siku watakapokutana tena barabarani watakuwa wameonana tangu mbali.

La nne, ziara iwe ya pande zote mbili. Wamalawi wenyewe wamekwisha kuonyesha njia. Tangu mwaka 2014 hufanyika Dzaleka tamasha la Tumaini, lililoanzishwa na mshairi Mkongo aliyekuwa mkimbizi humo, ajulikanaye kwa jina la Menes La Plume. Watu wa Lilongwe huja kambini kusikiliza muziki na kutazama ngoma, na wengine hulala katika nyumba za wakimbizi kama wageni. Jina lenyewe la tamasha ni la Kiswahili, na kila mwenye kuelewa lugha yetu analijua bila kufasiriwa. Yafaa askari nao waende, si kwa kazi ya lindo tu, bali pia siku yao ya mapumziko, bila bunduki, wakanunue maandazi na kuketi.

Tunajua kwamba askari ana kazi nyingi na mshahara wake si mkubwa. Tunajua pia kwamba amri hutoka juu, na kwamba askari haruhusiwi kuchagua ile aipendayo. Lakini hakuna amri inayomkataza kujua. Watwa waliochora kwa rangi nyekundu hawakuacha jeshi wala mpaka. Wachewa waliojificha kuchora kwa udongo mweupe hawakujua kwamba siku moja wageni wa dunia nzima wangekuja kuitazama siri yao. Gereza la Dzaleka lilijengwa ili watu waseme "nitaacha", na leo ndani ya mipaka yake watoto wanaanza shule. Askari atakayeyaona hayo kwa macho yake mwenyewe ataelewa kwamba mamlaka aliyopewa ni ya muda, na kwamba watu anaowalinda watakuwapo baada yake, wakisimulia jinsi alivyowatazama.

Ndugu askari, likizo yako ijayo, au siku utakapopitishwa Lilongwe kikazi, panda basi uende Dedza. Ulizia Chongoni. Vua kofia unapoingia chini ya mwamba, na usiguse rangi. Kisha ukirudi kaskazini, pitia Dzaleka uwasalimie watu wake kwa Kiswahili.